Sindano Ndani ya Shuka

Jumamosi ni siku yetu ya utume. Baada ya kazi za mikono tunagawanyika. Wengine huenda vigangoni kufundisha katekesi, wengine gerezani, na sisi watano wa mwaka wa pili wa falsafa tulipangiwa hospitali ya jirani. Huko hatutibu mtu. Tunabeba maji, tunasukuma vitanda, tunawasomea wazee meseji za watoto wao, tunakusanya mashuka machafu na kuyapeleka kufuliwa. Ni katika mashuka hayo mwenzetu mmoja alichomwa sindano.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Sindano iliyokwisha kutumika, ambayo mahali pake ni ndani ya lile boksi la vitu vyenye ncha kali, ilikuwa imeachwa kitandani. Mwenzetu alipolikumbatia fungu la mashuka ikamwingia kwenye kidole gumba. Hakuna aliyeweza kusema ni ya mgonjwa yupi. Akakamua kidole mpaka damu ikatoka, akajipaka spiriti, akaendelea na kazi kama kawaida. Mchana alikula na sisi. Jioni alicheza mpira.

Alituambia Jumapili saa mbili usiku, bwenini, wakati tunajiandaa kwa Kompleta. Saa 34 zilikuwa zimepita.

Ameturuhusu kuandika habari hii kwa sharti moja, kwamba tuandike "sisi". Tunaona sharti lake ni la haki, maana kila mmoja wetu ana sehemu yake ya kuonea aibu.

Wa kwanza kusema alisema, "Kesho nenda kapime, utajua moja." Wa pili akasema asimwambie mtu yeyote, hasa walezi. Hatukumuuliza kwa nini, kwa sababu wote tulijua. Neno "virusi" likitajwa seminarini, hakuna anayefikiri sindano. Watu watafikiri likizo, watafikiri nyumbani kwenu, watafikiri yule binti wa kwaya. Wa tatu akataka kuona kidole, kana kwamba kidole kingesema kitu.

Sote tumesoma habari za UKIMWI tangu darasa la tatu au la nne. Tumeimba ngonjera zake, tumechora mabango yake, njia za maambukizi tunazitaja kama tunavyotaja amri za Mungu. Lakini ukituuliza usiku ule mtu afanye nini saa 34 baada ya kuchomwa, hatukuwa na jibu. Mmoja alikuwa amewahi kusikia kwamba kuna dawa za kuzuia, ila aliamini ni za wanawake waliobakwa tu.

Aliyetuokoa ni yule wa nne, ambaye muda wote alikuwa kimya. Yeye anatoka Kagera, mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Amelelewa na bibi yake, na bibi huyo alizika watoto wake watatu kabla dawa za bure hazijaanza kugawiwa nchini mwaka 2004. Hakutoa hoja. Alivaa ndala, akaenda kugonga mlango wa Padre Gombera. Padre aliuliza swali moja tu, "Alichomwa saa ngapi?" Kisha akachukua funguo za gari.

Sista wa zamu ni tabibu, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Kwanza alitusahihisha kuhusu kukamua kidole. Kukamua hakusaidii. Ni maji yanayotiririka na sabuni, basi. Halafu akatuambia jambo ambalo tangu siku ile tumelirudia kwa kila mtu anayetusikiliza: dawa kinga lazima zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Anayefika saa ya pili ana nafasi nzuri kuliko anayefika saa ya hamsini. Baada ya 72 hazitolewi tena, kwa sababu virusi, kama viliingia, vitakuwa vimekwisha kujijenga mahali ambapo dawa ya mwezi mmoja haiving'oi.

Mwenzetu akauliza kwa sauti ndogo, "Sista, uwezekano ni kiasi gani?"

Akajibu kwamba kati ya watu 1,000 waliochomwa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, na wasitumie dawa kinga, wanaoambukizwa ni kama 3. Na hapa hatukuwa hata na hakika kwamba sindano ilitoka kwa mtu mwenye VVU. Ikiwa jeraha ni la kina, ikiwa damu ilionekana kwenye sindano, ikiwa sindano ilitoka moja kwa moja kwenye mshipa, ikiwa mgonjwa mwenyewe ana virusi vingi mwilini, hatari inapanda. Mgonjwa anayekunywa dawa zake vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo, hatari kutoka kwake inashuka sana. Akatutajia pia utafiti uliochapishwa mwaka 1997 juu ya wahudumu wa afya wa Ulaya na Marekani waliochomwa sindano: waliotumia dawa moja tu ya wakati ule, zidovudini, walipunguza hatari yao kwa takriban asilimia 81.

Sisi tuliokuwa tumesimama nyuma tulipumua. Watatu kati ya elfu! Mmoja wetu alianza hata kutabasamu. Mwenzetu hakutabasamu. Baadaye, tukiwa ndani ya gari, alisema kitu ambacho tumekijadili tangu hapo kuliko mada yoyote ya darasani. Alisema, "Hakuna mtu anayeambukizwa asilimia 0.3. Mimi nitakuwa nimeambukizwa au sitakuwa." Ni kweli. Namba ile inasema juu ya kundi, na yeye si kundi. Lakini nasi tulikuwa na haki ya kufarijika, kwa sababu uamuzi wa usiku ule haukudai hakika, ulidai kipimo cha hatari na hatua ya kuchukua. Hatujafika mwisho wa mjadala huo.

Kisha Sista akasema atampima. Hapo mwenzetu aligeuka mkali kidogo. "Sista, si umesema kipimo hakiwezi kuonyesha kitu sasa hivi?"

"Leo hatupimi sindano, Frateri. Tunakupima wewe."

Ilituchukua muda kuelewa. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Mwili hauwatengenezi kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa, kwa baadhi ya watu hata miezi 3, na muda huo washauri nasaha wanauita kipindi cha dirisha. Ndani ya dirisha mtu anaweza kuwa na virusi, tena vingi, anaweza kumwambukiza mwingine, na kipimo kikasema hasi. Kwa hiyo kipimo cha usiku ule kilikuwa kinaulizwa swali la zamani: kabla ya sindano hii, ulikuwa mzima? Jibu linahitajika kwa sababu kama mtu tayari anaishi na VVU, haanzishiwi kinga ya mwezi mmoja. Anaanzishiwa matibabu.

Tunakiri kwamba zile dakika 15 za kusubiri zilikuwa ndefu kwetu sote. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Sisi ni vijana wa miaka 23 hadi 26, hatukuzaliwa seminarini, na kila mmoja alikuwa anajipima mwenyewe kimoyomoyo. Matokeo yalikuwa hasi. Na yule rafiki yetu aliyesema "kapime kesho, utajua moja"? Angempeleka mwenzetu kwenye karatasi iliyoandikwa hasi, wangeshukuru Mungu, wangerudi nyumbani, na saa 72 zingekwisha kwa furaha.

Sista aliuliza pia kama amechanjwa homa ya ini aina ya B. Hatukuwa tumelifikiria hilo hata kidogo, ingawa kirusi hicho huambukiza kwa sindano kwa urahisi zaidi ya VVU. Hakuwa amechanjwa. Alianza chanjo.

Dawa kinga ni kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 28. Ni kidonge kilekile chenye dawa tatu wanachokunywa ndugu zetu wanaoishi na VVU, na kinakaa kwenye kopo la plastiki linalolia kama kayamba ukilitikisa. Wiki ya kwanza alipata kichefuchefu na ndoto za ajabu. Lakini kilichomtesa zaidi ni lile kopo. Alikuwa anasubiri bweni liwe tupu ndipo afungue kabati. Akaweka pamba ndani ili lisilie. Sisi wanne tulijua, wengine hawakujua, au tulidhani hawakujua.

Siku ya kumi tukaona kikombe. Bwalo letu lina vikombe vya bati vinavyofanana vyote, kila mtu huchukua kinachomfikia. Siku ile kimoja kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu mkononi, na aliyekuwa akigawa uji alimpa mwenzetu kile. Kesho yake tena. VVU havipiti kwenye kikombe, wala mate, wala jasho, wala choo, wala mbu. Vinapita kwenye damu, kwenye majimaji ya ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, kuzaliwa au kunyonya. Hili lilikuwemo kwenye zile ngonjera. Mtu aliyefunga uzi ule analijua pia. Huenda ameshawafundisha vijana wa Kipaimara. Mwenzetu alikunywa uji wake bila kusema neno.

Jambo la vipimo tulilipeleka kwa mwalimu wetu wa mantiki, bila kutaja jina. Alifurahi, akaacha somo la siku. Akaandika ubaoni: watu 1,000, kati yao 5 wana VVU. Tuseme kipimo kinawanasa wote 5, lakini kinakosea mara moja katika kila watu 100 wazima (vyenyewe hukosea mara chache kuliko hapo, alitumia namba rahisi). Watu wazima 995 watatoa chanya za uongo kama 10. Sasa unao watu 15 wenye chanya, na wenye VVU kweli ni 5. Ndiyo sababu hakuna anayepaswa kuambiwa ana VVU kwa kipimo kimoja. Chanya ya kwanza inathibitishwa kwa kipimo kingine cha aina tofauti, na anayejipima nyumbani akiona mistari miwili bado anatakiwa kwenda kituoni. Akatuambia kwamba hesabu hii inatokana na mhubiri Mwingereza, Thomas Bayes, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake. Tulipenda kusikia kwamba alikuwa mtu wa mimbari.

Wiki ya sita, hasi. Sista akasema ni habari njema sana lakini si ya mwisho, arudi miezi 3 ikitimia. Hakuna aliyepiga makofi safari hii.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Alikwenda na yule wa Kagera, wakarudi wakati uji umeshapoa. Alikaa, akasema, "Hasi," akaomba sukari. Kikombe chenye uzi bado kipo bwaloni. Hatujamjua aliyekifunga, na hakuna aliyekiri. Siku hizi anayekiwahi ndiye anayekinywea, na uzi umeanza kufifia rangi kwa kuoshwa.