Mlango wa Ubongo

Wengi wetu tunadhani dawa ikishaingia kwenye damu, basi imefika. Wapi! Ubongo una mlinzi wake. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi kwenye damu; viungo vikakolea, ubongo ukabaki vile vile. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akageuza mchezo: rangi akaitia kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ndio ulioiva, mwili ukabaki mkavu. Kumbe kati ya damu na ubongo mna ukuta.

Ukuta huo ndio ulioninyima usingizi mdogo wangu alipolazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Shingo ngumu kama ubao, taa hataki kuiona. Seftriaksoni kila saa kumi na mbili, kwenye mshipa. Siku ya nne kaomba chai, kaanza kuwatania wauguzi. Mama, na huruma zake, akamwendea nesi: "Mwanangu, si keshapona huyu? Mpunguzieni basi hizo sindano." Nesi akavuta stuli, akakaa. "Sikiliza, mama. Ugonjwa ndio uliotufungulia mlango. Akipata nafuu, mlango unafunga. Dozi ile ile, mama."

Yaani adui mwenyewe ndiye anayeacha lango wazi! Utando wa ubongo ukivimba, maungio ya mishipa midogo hulegea, na dawa kama penisilini, ambayo kwa mwenye afya hupenya kidogo mno, hupata upenyo. Uvimbe ukitulia, upenyo unabana. Hata deksamethasoni, inayotolewa kutuliza uvimbe huo, inaweza kuipunguzia vankomaisini njia. Kloramfenikoli yenyewe haina habari: inayeyuka kwenye mafuta, inapita hata pasipo uvimbe. (Ila inaweza kuidhuru mifupa pale inapotengenezea damu, kwa hiyo tusiishangilie sana.)

Agosti 1942, jijini London, Alexander Fleming alikuwa na mgonjwa wa maradhi haya haya. Penisilini ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Akamchoma kwenye msuli, kisha akapima maji ya uti wa mgongo: dawa hakuiona. Mimi namhusudu kwa kipimo hicho kuliko kwa ule ukungu wa 1928, ambao ulijiotea wenyewe kwenye kisahani. Akaichoma moja kwa moja ndani ya maji yale ya mgongo, na yule bwana akapona.