Nani Alichagua Vizuri

Jumamosi, 5 Agosti 2023

Usiku, baada ya kufunga duka. Upepo wa Agosti unapiga mabati ya mtaa wetu wa Chanji na vumbi limeingia mpaka kwenye magunia ya mbolea, lakini wote wanane walifika, kila mmoja na simu yake na bando lake. Tumemaliza kuchagua timu za ligi yetu ya fantasi. Raundi kumi na tano, wachezaji 120 wa Ligi Kuu ya Uingereza wamepata wenyewe.

Fantasi ya kawaida inakupa milioni 100 za kununulia, na watu milioni wanaweza kuwa na Haaland kwa wakati mmoja. Ya kwetu haina bei. Mtu akishamchukua mchezaji, wengine saba wamemkosa. Zamu inakwenda wa kwanza mpaka wa nane, kisha inarudi wa nane mpaka wa kwanza. Karata ilinipa nafasi ya tano, kwa hiyo nilichagua wa 5, wa 12, wa 21, na kuendelea hivyo hivyo.

Raundi ya kwanza ilikwenda hivi: fundi simu, Haaland. Shemeji, Salah. Dereva wa Fuso, Harry Kane. Kinyozi, Rashford. Mimi, Saka. Mdogo wangu, Bruno Fernandes. Mwalimu, De Bruyne. Dada wa wakala alikuwa wa nane, akachukua Son, na kwa kuwa zamu ilikuwa inageukia kwake akamchukua na Trippier hapo hapo.

Haaland wa kwanza hana mjadala: mabao 36 msimu uliopita, rekodi ya ligi. Kane ndiye aliyetugawa. Alifunga mabao 30, ni kweli, na dereva alisimama akasema Levy, bosi wa Tottenham, hauzi mtu. Mwezi mzima wa Julai habari ilikuwa moja tu, Bayern wanapeleka ofa, Tottenham wanakataa, na mkataba umebakiza mwaka mmoja. Dereva ni mtu wa Spurs tangu zamani. Nilimwambia, "Kaka, mngoje raundi ya nne." Akajibu kwamba raundi ya nne hatakuwepo. Hilo alisema kweli.

Jumapili, 6 Agosti

Nimerudi dukani peke yangu kupitia majina yote 120 kwa kalamu.

Kinachonishughulisha ni hesabu ya nafasi. Kila timu yetu inataka makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Zidisha kwa wanane: makipa 16, mabeki 40, viungo 40, washambuliaji 24. Sasa tazama ligi yenyewe. Klabu 20, kila moja na kipa mmoja anayeanza, hivyo kipa wa mwisho kuchukuliwa bado anacheza kila wiki. Klabu nyingi husimamisha mshambuliaji mmoja wa kati. Washambuliaji 24 kwa klabu 20 maana yake mtu wa mwisho atashika wa benchi.

Ndiyo maana wa 12 nilimchukua Ollie Watkins wakati viungo wazuri bado walikuwa wamejaa. Wenzangu waliguna. Villa? Raundi ya pili? Lakini alifunga 15 msimu uliopita, na ungefika wa 21 usingepata mwingine wa aina yake. Pointi za mchezaji peke yake hazitoshi kumpima. Ninatazama pengo kati yake na yule ambaye ningempata nikimwacha. Aliyemchukua kipa raundi ya tano alipata pengo dogo mno.

Chaguo lililonifurahisha kuliko yote lilikuwa la mwisho kabisa la mwalimu: Ivan Toney. Amefungiwa kwa sababu ya kamari mpaka katikati ya Januari, hivyo miezi mitano hachezi. Wengine walicheka. Mimi naona raundi ya 15 inatoa watu ambao utawatupa Septemba. Mwalimu ametoa kitu kidogo sana akapata mtu wa mabao 20 wa msimu uliopita.

Jumapili, 13 Agosti

Wikendi moja imebomoa timu tatu.

Ijumaa saa nne usiku Burnley na City. Kibanda umiza kilijaa mpaka mlangoni. Haaland mawili, fundi simu akaanza kununua soda. Dakika ya 23 De Bruyne akatoka ameshika nyuma ya paja. Jana Kane akatangazwa Bayern. Jana hiyo hiyo Jurriën Timber, beki mpya wa Arsenal ambaye kinyozi alimsifu wiki nzima, akaumia goti mechi yake ya kwanza ya ligi.

Leo baada ya kanisa watu wanasema ni bahati mbaya, watatu wote sawa. Siwezi kukubali. Ningependa kila kesi isikilizwe peke yake, na swali liwe moja: usiku ule wa tarehe 5, nini kilijulikana?

Timber: hakuna dalili. Kijana mzima, klabu mpya, anaanza. Kinyozi alichagua vizuri na mpira umemdhulumu.

De Bruyne: alitoka fainali ya Ligi ya Mabingwa huko Istanbul tarehe 10 Juni kwa msuli ule ule wa nyuma ya paja. Maandalizi yote ya msimu tulikuwa hatumwoni. Wa saba kwa mtu anayetoka kuuguza msuli ni juu. Lakini ndiye mpigaji pasi mkubwa kuliko wote pale, na mwalimu alijua anachokinunua. Nampa nusu.

Kane: kila kitu kilijulikana. Chaguo la tatu ni mali ghali kuliko zote ulizonazo, na dereva aliiweka kwa mtu ambaye magazeti ya nchi mbili yalikuwa yameshamfungia mizigo. Hata kama angebaki ningesema vile vile. Kane huyo huyo raundi ya sita angekuwa ujasiri wa busara.

Watkins wangu amepigwa 5-1 pale Newcastle. Saka amefunga.

Jumapili, 1 Oktoba

Watkins! Matatu jana, Villa 6, Brighton 1. Wiki sita watu wamekuwa wakiniuliza kama namwachia. Bao lake la kwanza la ligi lilikuja kwa Chelsea Jumapili iliyopita. Sikumgusa kwa sababu alikuwa anaanza kila mechi na kupiga langoni. Sababu zilizonifanya nimchague zilikuwa hazijabadilika.

Jumanne, 10 Oktoba

Jambo ambalo litatupigisha kelele mpaka Mei limetokea. Kila wiki wachezaji ambao hawana mwenyewe huombwa, na aliye mkiani ndiye anayesikilizwa kwanza. Mkiani yupo dereva, tangu Kane aondoke. Ameomba Cole Palmer.

Agosti hakuna aliyemtaja Palmer, na ilikuwa sawa. Alikuwa kijana wa akiba wa City. Chelsea walimnunua tarehe 1 Septemba. Juzi Jumamosi walipata penalti dhidi ya Burnley na aliyeshika mpira ni Palmer, mgeni wa mwezi mmoja. Mtu akikabidhiwa penalti kwenye klabu mpya, hiyo ni habari, na dereva aliisoma kabla ya wote. Kwa hili nampongeza bila kubana.

Jumapili, 21 Januari 2024

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Barabara ya kwetu ni tope tupu, wateja wachache, mbolea ya kukuzia peke yake ndiyo inayotoka.

Taifa Stars wametoka sare 1-1 na Zambia kwenye AFCON huko San Pedro, bao la Msuva. Tuliongoza muda mrefu mno kukubali sare kirahisi. Kibanda kizima kilinyamaza Daka aliposawazisha dakika za mwisho, na hakuna aliyekumbuka fantasi.

Shemeji analia kwa Salah: yuko AFCON, na ameumia Alhamisi dhidi ya Ghana. Tarehe za AFCON tulizijua wote kabla ya kuchagua. Wiki zile zilikuwa ndani ya bei. Jeraha halikuwamo. Hata ukiondoa mwezi mzima, Salah wa pili ni sahihi, na ningemchukua mimi kama karata ingenipa nafasi ile.

Na Toney karudi jana. Faulo, bao. Mwalimu amenitumia ujumbe wenye jina hilo tu.

Jumatatu, 20 Mei

Ligi imeisha jana, City 91, Arsenal 89. Kwetu fundi simu wa kwanza, dereva wa pili, mimi wa tatu.

Dereva wa pili! Palmer mabao 22 na pasi za mabao 11, pointi 244, juu ya Foden, juu ya Watkins, juu ya Haaland mwenyewe. Shemeji amesimama kwenye mbuzi choma akatangaza kwamba basi Kane lilikuwa chaguo zuri, kwa kuwa bila Kane dereva asingekuwa mkiani na asingempata Palmer.

Nimelala na hoja hiyo. Nimeamka na jibu. Dereva alifanya mambo mawili tofauti. Agosti alichagua kwa mapenzi akiwa na habari zote mkononi. Oktoba alisoma penalti moja vizuri kuliko watu saba. La pili halilisafishi la kwanza. Angemchagua Saka au Son ile Agosti, pengine angechelewa foleni ya Palmer, lakini asingeanza msimu bila chaguo lake la kwanza.

Na Toney? Mabao manne tu. Bado naliita chaguo bora la usiku ule.

Jumatano, 29 Mei

Ligi Kuu yetu ya Tanzania nayo imekwisha: Aziz Ki mabao 21, Feisal Salum, yaani Fei Toto, 19. Nimejiuliza tungewachagua vipi Agosti. Fei Toto alikuwa ametoka kwenye mgogoro mrefu na Yanga, ameingia Azam; wangapi wangemkimbia? Aziz Ki nani angemweka wa kwanza?

Kinachotuzuia ni takwimu. Mabao tunayapata. Dakika alizocheza beki wa Prisons na pasi za mabao za winga wa Kagera ni kazi kuzipata, na mtaa huu unamjua beki wa Prisons: Oktoba 2020 walimfunga Simba 1-0 hapa hapa kwenye uwanja wa Nelson Mandela. Bodi ya Ligi wangechapisha karatasi moja kila raundi, kila kijiwe nchini kingekuwa na ligi yake.

Hatutasubiri. Tumekubaliana kuanza na klabu nne tu. Mwalimu ataandika dakika, dada wa wakala pasi za mabao, mimi mabao na kadi. Tunachagua Agosti, dukani kwangu, na dereva ameomba safari hii awe wa mwisho kuchagua.