Herufi Nne Zilizonifunga Mdomo



Nilipokuwa kidato cha nne hapa Mafinga, niliandika katika insha ya Kiingereza: “My uncle bought me to Mafinga.” Nilitaka kusema mjomba alinileta. Kumbe nilichoandika kilimaanisha alininunua! Darasa zima lilicheka. Tangu siku hiyo sikunyoosha tena mkono kwenye kipindi cha Kiingereza hadi tulipomaliza shule.

Leo ninafundisha somo lilelile, na kosa lile bado ninalisahihisha kila mwaka. Dawa yake ni hii. Funga kamusi, chukua ukurasa mtupu, kisha andika kila neno unalokumbuka lenye herufi u, g, h, t zikifuatana. Utapata “bought”, “brought”, “thought”, “taught”, “caught”, hata “daughter”. Ukikwama, ndipo ufungue kamusi.

Usitegemee sikio, kwa sababu g na h hazitamkwi katika maneno hayo. Badala yake, rudisha kila kitenzi kwenye wakati uliopo. “Bring” lina r, na “brought” lina r. “Buy” halina, na “bought” halina. “Think” linaanza na th, vivyo hivyo “thought”. “Teach” na “catch” yana a, nayo “taught” na “caught” yana a. Kisha tungia kila neno sentensi yako mwenyewe.

Ukichekwa, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Nyoosha mkono tena. Afadhali kosa lisahihishwe darasani kuliko ulipeleke kwenye chumba cha mtihani.