Ngoma za Mashini Kule Jinja, na Agwara Zetu

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya mahari, matanga na majina ya watoto. Leo ninaomba ruhusa ya wasomaji nizungumze juu ya jambo ambalo wazee wengi wataliita fujo tu: sikukuu ya muziki wa kompyuta, nje, kando ya mto Nile. Nilikwenda Septemba 2019, nikakaa pale siku nzima mpaka usiku wa manane. Inaitwa Nyege Nyege.

Jina lenyewe kwanza. Kwa sisi wasema Kiswahili, neno hilo halitamkwi mbele ya mama mkwe. Nilipomuaga shangazi nilisema tu, "Shangazi, ninaenda kusikiliza muziki Uganda," nikanyamaza hapo. Lakini wenyewe wanalitoa katika Kiganda, ekinyegenyege, yaani ile hamu inayomkamata mtu ghafla acheze hata kama hakukusudia. Hata hivyo waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, aliipiga marufuku mwaka 2018, na siku chache baadaye ikaruhusiwa. Mwaka 2022 wabunge nao walijaribu kuizuia, serikali ikaikubali kwa masharti. Kumbe si wazee wetu peke yao wenye mashaka.

Toka Mahagi-Port nilivuka kwa pirogi ya motere mpaka Panyimur. Ulikuwa wakati wa Ebola katika Ituri, basi ng'ambo tulinawa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto, na mtu aliyesikia umetoka Congo alisogea kidogo. Halafu Pakwach, daraja, basi mpaka Kampala, na Jinja. Mbali kweli, lakini maji ni yale yale: Nile inayoanza pale Jinja ndiyo inayoingia kichwani mwa ziwa letu na kutokea Pakwach.

Uwanja ulikuwa Njeru, ng'ambo ya mji wa Jinja, chini ya miti mikubwa. Majukwaa yalikuwa kadhaa, na bafle zimepangwa kushinda urefu wa nyumba. Vijana wa Kampala, wa Nairobi, wazungu, vumbi, bia, chapati zilizokunjwa na mayai. Singeli ya Dar es Salaam inakimbia hata moyo unashindwa kuifuata. Niliwaachia wenye miguu mipya.

Alasiri ndipo nilisimama. Kutoka jukwaa moja ilitoka sauti ya mashini, haraka haraka, na juu yake mtu anaimba Kiacholi. Sisi Waalur na Waacholi tunasikilizana, lugha zetu ni za ukoo mmoja. Ulikuwa wimbo wa arusi! Wazungu walikuwa wanaruka, hawajui kama ni bibi arusi anayesifiwa. Kijana mmoja wa Gulu alinieleza ilivyotokea. Zamani arusi ya Kiacholi ilitaka larakaraka, kundi zima na vibuyu vyao, na kundi hilo linataka kulishwa na kulipwa. Vita vya kaskazini vilipofanya watu maskini na kuwafungia katika kambi, mwenye arusi hakuweza tena. Basi mwimbaji Otim Alpha, pamoja na Leo Palayeng mwenye kompyuta, wakaanza kuzitia nyimbo zile katika mashini. Watu wawili wanatosha arusi nzima. Sahani yao, Gulu City Anthems, ilitoka mwaka 2017 na kufika Ulaya.

Nilifurahi, sikatai. Nilicheza pia. Lakini niliuliza moyoni: wale wenye vibuyu walienda wapi?

Jibu lingine lilikuwa mbali kidogo na bafle kubwa. Wabusoga walikuwa na embaire yao, marimba ya magogo yaliyolazwa juu ya shimo la udongo ili shimo livumishe sauti. Marimba ni moja, wapigaji wengi, wamekaa pande zote mbili, mkono wa huyu unaingia katika nafasi aliyoiacha yule. Ukimuondoa mmoja, wimbo unatoboka. Na vijana waliotoka kwenye mashini walicheza embaire bila kuona tofauti. (Kundi moja la namna hiyo, la kijiji cha Nakibembe, lilitoa sahani mwaka 2023.)

Wala Wakongo tusijifanye wageni wa mambo haya. Konono No. 1 ya Kinshasa, ya marehemu Mingiedi Mawangu, ilifunga likembe kwa umeme ili isikike katika kelele za mji, na tangu sahani Congotronics ya mwaka 2004 dunia inaijua. Lakini likembe inashikwa na mtu mmoja. Agwara sivyo, na hapo ndipo kazi yetu iko ngumu.

Kila agwara ni mti uliotobolewa, unaopulizwa kwa ubavu, mkubwa na sauti yake, mdogo na sauti yake. Wimbo haukai katika agwara hata moja. Unazaliwa watu wakikutana. Sasa familia ikiwa na matanga inafanya hesabu. Wapulizaji ni kundi, watakula, watakunywa, watalala. Sono inakuja na kijana mmoja na jenereta. Nani atamlaumu mwenye msiba?

Niliporudi nilimpelekea mjomba wangu, anayetunza agwara za baba yake, neno la vijana wa kartie: wapulize moja moja, kompyuta itazipanga.

"Mwipwa," akasema, "agwara moja peke yake itasema nini?"

"Mjomba, kompyuta itaziunganisha."

"Na wapulizaji, nani atawaunganisha?"

Mimi nasema zirekodiwe, na upesi, juu ya wapulizaji wanazeeka. Afadhali wimbo ubaki katika mashini kuliko upotee kabisa. Ila zirekodiwe zote pamoja, watu wamesimama, si kila mmoja peke yake ndani ya chumba. Mjomba amekubali hivyo. Shida ni kwamba agwara mbili katika zake hazina mtu. Kijana anayepiga kinanda kanisani ameomba ile ndogo, na jioni tunamsikia anavyohangaika nayo. Ile kubwa bado iko ukutani.