Bei ya Cherehani na Bei ya Shida



Wapendwa wanaparokia, juma hili tumeona vema tuwasimulie jambo lililotupata tulipokuwa tukitafuta cherehani kuukuu kwa ajili ya darasa la ushonaji la mabinti wetu. Tulidhani tunakwenda kupima chombo, kumbe tulikuwa tunakwenda kupimwa sisi wenyewe.

Tulitaka cherehani za mkono, zile ndogo za kubebeka zenye kasha la mbao, kwa kuwa umeme hukatika, na mabinti wengine wanaishi mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Mwalimu wetu alikuwa fundi mmoja mzee, muumini wa parokia hii. Alituonya tangu mwanzo tusivutwe na weusi wa rangi wala nakshi za dhahabu, maana rangi haishoni. Zungusheni gurudumu polepole, alisema, liende laini bila kukwama. Shikeni chuma kinachobeba sindano, kisicheze. Tazameni kama meno yanayosukuma kitambaa yamelika. Chunguzeni kama bobini ipo; na katika zile za zamani zaidi, ambazo bobini hukaa ndani ya kifuko cha chuma chenye umbo la mtumbwi, hakikisheni kifuko hicho hakijapotea, maana kukipata kingine ni kazi. Kutu ya juu husafishwa, lakini chuma kilichopasuka hakina dawa. Mwisho tieni uzi, shoneni kipande cha kitambaa, kisha kigeuzeni. Mshono mzuri hulingana pande zote mbili.

Alitufundisha pia kusoma maandishi ya chombo. Singer zenye herufi K baada ya namba ya aina, kama 28K au 99K, zilitoka katika kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Namba iliyogongwa kwenye bamba la chini husaidia kujua mwaka wa kutengenezwa. Hata hivyo, uzee peke yake si thamani, kwa sababu cherehani hizi zilitengenezwa kwa mamilioni. Huko Marekani wako wanaokusanya aina ya 221, iitwayo Featherweight, iliyoanza kuuzwa mwaka 1933, ambayo mwili wake ni wa alumini na uzito wake ni kama kilo 5 tu. Hata hao huuliza kwanza kama inafanya kazi na kama vifaa vyake vimetimia.

Tukiwa na elimu hiyo, tulifika sisi na fundi kwa bibi mmoja mjane, katika kigango cha mbali. Alikuwa na 99K ya marehemu mumewe, aliyekuwa fundi cherehani. Tulizungusha, tukashona, tukageuza kitambaa. Mshono ulikuwa safi. Fundi alitunong'oneza kwamba thamani yake haipungui shilingi 180,000, na fedha hizo zilikuwamo katika bahasha yetu.

Tulimwuliza bibi bei. Akasema shilingi 80,000, akaongeza kwamba ndani alikuwa na mgonjwa na dawa zimekwisha. Nasi, wapendwa, tukamwomba apunguze. Akainamisha kichwa, akakubali 70,000. Tuliondoka tumefurahi.

Njiani fundi alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: “Baba Paroko, ile bei uliyolipa ni ya cherehani au ya shida?”

Tulijitetea. Tulisema bei aliitaja mwenyewe. Kwamba fedha za parokia nazo ni za maskini. Kwamba soko ni soko. Fundi hakujibu. Usiku ule tulikumbuka somo tulilolipita haraka seminarini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika swali la 77 la Sehemu ya Pili ya Sehemu ya Pili ya Summa Theologiae, anafundisha kwamba mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akajua, mnunuzi huyo amenunua isivyo haki na anapaswa kurudisha. Tuliwahi kujibu swali hilo katika mtihani. Kulijibu mbele ya bibi yule tulishindwa.

Kesho yake tulirudi na shilingi 110,000 zilizobaki. Tulimkuta bibi pamoja na mpwa wake. Tulipoweka bahasha mezani na kuomba radhi, kijana alisimama akasema: “Si nilikuambia, mama mkubwa? Wameikuta zebaki!”

Alikuwa amesikia uvumi kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu yenye thamani kubwa. Uvumi huo si mgeni duniani. Mwezi Aprili 2009, huko Saudi Arabia, watu walizigombania cherehani hizo, na bei ya baadhi yake iliripotiwa kufika riyali 200,000. Waliambiana kwamba simu ya mkononi ikisogezwa karibu na sindano na mawasiliano yakakatika, basi mali imo. Polisi wa huko walilazimika kuchunguza. Ukweli ni kwamba zebaki nyekundu ya namna hiyo haipo, na cherehani haina haja nayo. Ndani yake mna chuma, mafuta na vumbi la nyuzi.

Fundi hakubishana. Alikwenda kuileta cherehani parokiani, akatandika mkeka na kuifungua mbele yao, skrubu moja baada ya nyingine. Palipo na meno palikuwa na vumbi la nyuzi za buluu lililoshikamana. Bibi aliliokota, akalitazama, akasema: “Hizi ni za sare za shule. Ndiyo kazi yake ya mwisho.” Kisha akaipokea bahasha.

Kijana hakuridhika. Mpaka leo tukikutana salamu yake ni fupi, wala hatuwezi kumlaumu. Anayenunua kwa 70,000 leo na kuongeza 110,000 kesho amempa mtu sababu ya kujiuliza. Kama tungelipa bei halali siku ya kwanza, kusingekuwa na la kushuku. Haki iliyochelewa inaweza kufanana na hila, na kosa hilo ni letu.

Cherehani ile sasa imo darasani, na mabinti wanajifunza kupinda kingo kwayo. Kwenu mlio na cherehani za wazee wenu, tunawasihi msiziuze kabla hazijatazamwa na fundi mwaminifu, wala msiwasikilize wanaosogeza simu kwenye sindano. Kwenu mnaonunua, mkijua thamani ambayo muuzaji haijui, mwambieni kabla ya kutoa fedha. Nasi tunaanza kwa kuwaomba radhi ninyi nyote, maana tulimpunja bibi yule kwa niaba yenu.

Tunawatakia Dominika njema.

Padre wenu