Malezi na Tabia: Habari za Chuma na Susi

Wahenga walinena, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Neno hili ni la kweli, maana kila mtu huanza kujua jema na baya kwa watu wa nyumbani mwake: kwa mama amkatazaye kuchukua kisicho chake, kwa babu amfundishaye kuwaheshimu wakubwa, na kwa desturi za kabila lake wakati wa furaha na wakati wa msiba. Walakini malezi peke yake hayatoshi. Watoto wawili huweza kulelewa katika nyumba moja, mmoja akawa mwaminifu na mwenziwe akawa mwivi. Tena watu wawili huweza kulelewa mbali mbali, katika desturi zisizofanana, nao wakatenda jambo moja jema. Habari za Chuma na Susi zaonyesha jinsi mambo haya yalivyo.

Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa angali kijana mdogo alitekwa, akatiwa katika msafara wa watumwa. Na mwaka 1861 Dakta David Livingstone na wamisionari waliokuwa pamoja naye wakamfungua, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Baadaye alisoma katika shule ya misheni huko Bombay, Bara Hindi, akabatizwa mwaka 1865. Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi ya Msumbiji. Yeye hakuwa mtumwa aliyefunguliwa, bali alikuwa mtu wa kazi, aliyeajiriwa kutumika katika merikebu ya Livingstone. Wala hakubatizwa ila mwaka 1886. Hivyo mmoja alilelewa na misheni, na mwenziwe alifunzwa na watu wa kwao na kazi ya mikono yake.

Mwaka 1866 wote wawili walimfuata Livingstone kwenda bara, alipotafuta chemchemi za mto Nili. Safari ilikuwa ya taabu nyingi: njaa, homa, mvua na vita. Hata mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda kusini kulitazama ziwa la Bangweulu, watu wake wengi walikataa kumfuata, na Chuma na Susi walikuwa miongoni mwao. Angalia jambo hili vizuri. Shule haikumzuia Chuma asimwache bwana wake, wala mazoea ya kazi hayakumzuia Susi. Livingstone akaenda na watu wachache tu. Aliporudi, wale waliokataa walitaka kumtumikia tena, naye akawapokea, maana alijua ya kuwa walikuwa wamechoka, na ya kuwa yeye mwenyewe hakosi makosa. Chuma na Susi wakakaa naye mpaka mwisho.

Mwisho wenyewe ulikuja alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala, ambayo leo ni sehemu ya Zambia. Watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, naye amekwisha kufa. Sasa watu wapatao sitini walikuwa mbali sana na pwani, wala hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Je, wafanye nini? Lililokuwa jepesi ni kumzika papo hapo, wagawane mali yake, kila mtu ashike njia yake. Nani angewalaumu? Mfu halipi mshahara, wala haadhibu.

Tena desturi zilivuta huku na huku. Desturi moja ilisema kwamba mtu aliyekufa ugenini ni vema arudishwe kwa jamaa zake. Desturi nyingine ilisema kwamba maiti ni kitu cha kuogopwa, kisipitishwe vijijini. Na tena mgeni akifa katika nchi ya mtu, wenzake huweza kutozwa mali. Kwa hofu hiyo walijaribu kumficha Chitambo habari ya msiba. Lakini Chitambo alipopata habari hakuwadai kitu. Aliwaambia wasiogope, akaja na watu wake, wakaomboleza pamoja nao. Yeye naye alikuwa amelelewa katika desturi za nchi yake, akachagua katika hizo iliyo ya huruma.

Chuma na Susi nao, pamoja na wenzao, wakachagua. Mwenzao mmoja aitwaye Farijala, aliyewahi kumtumikia mganga huko Unguja, akautoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti mkubwa. Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi, akasoma sala za maziko, akachonga jina la marehemu katika ule mti. Mali yake yote ikaandikwa, ili kisipotee kitu. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga katika nguo na gome la mti, kisha wakaushonea tanga na kulipaka lami. Ndipo wakaanza kuuchukua kwenda pwani, mwendo wa maili zaidi ya 1,000.

Wengi wao waliugua njiani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, mwezi wa Oktoba, walimkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekuwa akija kumtafuta Livingstone. Naye akawashauri wamzike huko, kwa kuwa njia ya mbele ina hatari. Mtu mkubwa alikuwa amewapa ruhusa ya kuutua mzigo, lakini walikataa. Mbele kidogo wakasikia kwamba wenyeji hawataki maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakawatuma watu warudi nayo, ili waonekane kwamba wanakwenda kuzika. Na mwili wenyewe wakaufunga mfano wa robota ya nguo, wakapita salama. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Walichukua vilevile vitabu alivyoandika Livingstone, na vyombo vyake. Wakalipwa mishahara yao, wakaagana.

Mwili ulivushwa mpaka Unguja, kisha ukapelekwa Uingereza, ukatambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba zamani. Tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Jacob Wainwright alikuwapo. Chuma na Susi hawakuwapo, walifika Uingereza baada ya maziko. Hata hivyo hawakuona kwamba kazi yao imekwisha: walikaa na rafiki ya marehemu, Horace Waller, wakamweleza habari za safari, kitabu cha mwisho cha Livingstone kipate kutolewa.

Basi, ewe mwanafunzi, jiulize: watu walewale waliokataa kwenda mwaka 1868, walipata wapi moyo wa kuuchukua mzigo ule mwaka 1873? Malezi yao ya utotoni hayakubadilika katika miaka ile mitano. Lakini walikuwa wamekosa, wakasamehewa, wakarudi, wakavumilia njaa na homa siku baada ya siku pamoja na yule aliyewasamehe. Kwa kutenda madogo yaliyo mema kila siku, tabia zao zilikomaa, hata lilipokuja kubwa, wakaliweza.

Desturi za wazee na mafundisho ya shule ni kama shamba alilorithi mtu. Ni bahati kulirithi, walakini shamba halijilimi. Aliye na wazazi wema asijivune, wala aliyewahi kukosa asikate tamaa. Kila mmoja ashike jembe lake leo, katika kazi ndogo aliyopewa, hata kama hapana mtu amwonaye.