Picha Ikikwama, Tuangalie Waya Kabla ya Kumwita Fundi

Wengi mmetuuliza juu ya televisheni za antena zinazokwamakwama wakati wa mvua. Mwezi huu tunawaelezea yaliyotupata nyumbani kwetu, huku upande wa Koboko.

Shida ilianza mwezi wa 8 mwaka 2025, wakati wa CHAN, yale mashindano ya mpira yaliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Watoto waliozaliwa huku wanashangilia Uganda, sisi wakubwa tunashangilia Kongo iliyokuwa inacheza Nairobi. Picha ikawa inavunjika vipande vipande, sauti inakwaruza, halafu kioo kinabaki cheusi. Bibi yetu yeye hana habari na mpira. Anataka taarifa ya habari, maana tuko na ndugu Ituri, na mwanzoni mwa mwaka ule Goma na Bukavu zilikuwa zimetekwa. Bila televisheni anabaki na uvumi wa sokoni tu, na usiku halali.

Fundi mmoja alikuja, akaangalia kidogo, akasema tununue dekoda mpya. Hela iko wapi? Mwaka ule mgao wa chakula ulipunguzwa, na familia nyingi ziliondolewa kabisa kwenye orodha. Pesa ya dekoda ni pesa ya sabuni, chumvi na madaftari ya watoto. Basi tukapatana: tutafute wenyewe kwanza, jambo moja moja.

Kwanza tuelewane. Zamani, kwa analojia, mawimbi yakipungua ulikuwa unaona chengachenga, lakini mpira unaendelea kuuona. Uganda ilianza kuzima analojia mwezi wa 6 mwaka 2015, Kampala na jirani zake, kisha mikoa mingine ikafuata. Dijitali iko na tabia nyingine: picha inakuja nzima, ama haiji. Kwa hiyo picha safi ya leo inaweza kuwa iko ukingoni kabisa, na majani ya mti yenye maji yanatosha kuiangusha. Ndiyo maana kwetu kiangazi chote ilikuwa nzuri.

Tena, tunasema juu ya antena ya miiba, ile inayofanana na mifupa ya samaki, inayopokea kutoka kwenye mnara. Sahani ya setilaiti ni kitu kingine, inaangalia angani. Na ukinunua dekoda ya antena, hakikisha imeandikwa DVB-T2, ndiyo inayotumika Uganda. Ya setilaiti haitashika mnara hata ufanye nini.

Sasa hatua tulizofuata:

1. Umeme. Angalia taa ya dekoda picha inapokatika. Kama taa inazima na kuwaka tena, shida ni betri ya sola au plagi iliyolegea, antena haina kosa. Kwetu taa ilibaki inawaka, tukaendelea.

2. Vipimo. Ndani ya menyu ya dekoda kuna mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Watu wengi wanaangalia nguvu tu. Ubora ndio unaoleta picha. Kwetu nguvu ilikuwa nzuri, ubora unapanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea. Hapo tukajua kuna kitu kinaharibu njiani.

3. Waya. Tulifungua kichwa cha waya nyuma ya antena, maji yakatoka! Ndani kulikuwa na kutu ya kijani. Tulikata kipande kilichooza, tukafunga kichwa upya, tukahakikisha nyuzi za nje haziguzi waya wa katikati. Halafu tukafunika na mpira wa baiskeli na kuacha waya uning'inie kidogo chini ya kiungo, ili maji yadondoke pale yasiingie ndani.

4. Taa na inveta. Zima vyote, kisha washa kimoja kimoja huku mtu anaangalia ubora. Balbu yetu moja ya bei rahisi ilikuwa inaushusha kila ikiwashwa. Tuliihamishia jikoni, mbali na waya wa antena.

5. Mahali pa antena. Mabati yanazuia mawimbi, kwa hiyo antena iliyowekwa ndani chini ya mabati inateseka. Yetu ilikuwa nje, lakini matawi ya mwembe yalikuwa yameota mbele yake. Tuliihamisha hatua tatu na kuipandisha kwenye mti mrefu zaidi. Kwetu ilishika vizuri ikielekea kusini, upande wa Arua. Wewe angalia antena za majirani zinaelekea wapi, na kama miiba yao imelala au imesimama. Izungushe polepole, subiri kidogo kila mara, kwa sababu dekoda inachelewa kuonyesha. Hata kuisogeza nusu mita kunaweza kubadilisha kila kitu.

6. Mwisho kabisa, tafuta chaneli upya. Usianze na hatua hii. Ukifuta chaneli wakati mawimbi ni mabaya, unaweza kubaki bila hata moja.

Wale wa Arua mjini walio karibu na mnara, shida yenu inaweza kuwa kinyume: mawimbi yamezidi. Kama antena yenu iko na kikuza mawimbi, kiondoeni kwanza muone.

Gharama yetu yote ilikuwa kichwa kimoja cha waya. Dekoda ni ile ile. Fundi tunamheshimu, na kuna kazi zake ambazo hatuziwezi. Lakini ukimwita, mwambie akuonyeshe mstari wa ubora kabla na baada ya kazi, ndipo ulipe.

Tahadhari: usipande juu mvua ikinyesha, na chomoa waya wa antena kabla radi haijaanza. Na vijana, kama kuna mzee au mama aliye peke yake jirani yenu, msaidieni kuinua antena yake. Naye iko na watu nyumbani anaotaka kusikia habari zao.

Tuonane toleo lijalo.